Gitaa Wapake Wao Rangi ya Mlango, Mbuzi Nitoe Mimi?

Mama Tshiala mpendwa, weye unayejibu barua za watu mu gazeti, msaada wako naomba, lakini kwanza unisome mpaka mwisho, juu hapa kwangu hakuna mutu anayenisikiliza mpaka mwisho, kila mumoja ananikata katikati na kusema "mbuzi, mbuzi," na Jumamosi hii inayokuja niko na kikao cha familia ya bwana wangu, na ni lazima nijue kama nitaingia mule nikivuta mbuzi ao nitaingia mikono mitupu na kichwa juu.

Mimi ni mama mwenye miaka hamsini na kitu, niko na mashini ya kusaga mahindi hapa Kamina upande wa reli, mashini niliyonunua mwenyewe, si ya urithi, si ya bwana, nilianza na baiskeli nikibeba samaki kavu kutoka Kinkondja, na leo bantu wote wa avenue yetu wananiita Mama Mashini. Pombe sinywi, kutembea mu nyumba za watu kupeleka maneno sijui. Kitu kimoja tu njo napenda, na sisikii haya kukisema: napiga gitaa la besi. Na si besi yoyote. Ni besi ya zamani, ile ile ya orkestra ya wafanyakazi wa reli iliyokuwa inapiga kila Jumamosi wakati mimi niko mutoto, nikisimama inje kwa dirisha juu batoto hawakuwa wanaingizwa, na nilikuwa siangalii mwimbaji, siangalii wachezaji, naangalia yule baba wa besi aliyesimama nyuma kabisa bila kucheka, anapiga polepole, na kila akigusa kamba kioo cha dirisha kinatetemeka mu mikono yangu.

Orkestra ilikufa, wazee wakaenda mumoja mumoja, na siku moja, nimeshakuwa bibi ya mutu, nikaikuta ile besi kwa mujane wa yule baba, imesimamishwa kwa kibanda cha kuku inashikilia mlango. Kamba zote nne ziko, lakini sauti hakuna. Nikatoa baiskeli yangu palepale, nikachukua besi. Avenue nzima ikacheka. Bwana wangu Nkulu hakucheka, aliniuliza tu, "Sasa samaki utabeba na nini?" Nikamwambia, "Na kichwa." Na nikabeba na kichwa kweli, mpaka mashini ilipokuja.

Aliyeifufua ni papa Lazare, pensionnaire, mustaafu wa reli, mutu wa kutengeneza redio, na yeye mwenyewe iko na besi ya zamani kuliko yangu. Tuko wane tunaopenda hivi vitu, tunakutana kwake Jumapili kiisha misa, hakuna anayelipwa, hakuna anayetafuta kuwa nyota, tunapiga tu, na kila mumoja anaeleza habari za besi yake hata kama wengine tunazijua kwa moyo. Bantu wanatuuliza, mpya ziko Lubumbashi, zinafika na nailoni yake, zinang'aa, ziko na kamba tano, juu ya nini munang'ang'ania mbao za kizee? Mama Tshiala, usije na weye kuniuliza ile, lakini nitakujibu. Besi mpya inapiga kwa sikio, ya zamani inaingia kwa tumbo. Mbao yake imekauka miaka mpaka haibishani tena na kamba. Pale kidole gumba kinapopumzika kuna kashimo, kameliwa na kidole cha yule baba wa orkestra, na gumba yangu inaingia mule kama ilipimwa na fundi. Na kamba zenyewe, zile laini zisizokwaruza, sisi hatubadilishi, zikichoka tunazichemsha mu sufuria, tunazipangusa, tunazirudisha, juu sauti ile ya kuzeeka haiuzwi mu duka yoyote. Nkulu alishazoea. Akifunua sufuria ananiuliza kwanza, "Hii ya leo tunakula ao tunapiga?"

Sasa sikia maneno yenyewe. Mwezi uliopita tulifanya jubile ya ndoa yetu, miaka makumi mawili na tano. Wiki moja mbele ya siku ile nilikuwa nimeenda Kaniama kutafuta mahindi, na nyuma yangu mudogo wa bwana wangu, Christophe, askari kule Base ya jeshi, kijana mwema simkatae, anakula kwangu kila Jumapili, akaingia mu chumba, akachukua besi bila kuuliza mutu isipokuwa mama yake. Nikarudi, besi hakuna. Nkulu ananiambia tulia, ni jambo la furaha. Nikatulia, mujinga mimi.

Siku ya jubile, bantu wamejaa, keki iko juu ya meza, Christophe anasimama na kitu kimefunikwa na pagne ya kitenge. Anaanza, akiniita yaya, mukubwa wake, na sauti ya askari:

"Yaya Albertine! Miaka yote unapiga kintu ya kuchakaa mbele ya bantu. Kule Base bananiuliza, bibi ya kaka yako, kaka yako anashindwa kumununulia ingine? Yaya, ile haya leo imekufa. Angalia!"

Akavuta pagne. Mama Tshiala, besi yangu ilikuwa bleu. Bleu ya mlango wa chuma, ile ya mlango wa ua wa parsele yetu, nafikiri hata ni kopo moja. Wamepaka mwili, wamepaka shingo, wamepaka mpaka vifungo vya sauti havizunguki tena, na mbele, na herufi nyekundu zenye kivuli cheupe kama nyuma ya lori, wameandika: MAMA ALBERTINE, MUNGU NI MWEMA. Kamba mpya zinametameta kama vijiko.

Bantu wakapiga vigelegele. Sasa hapa kwetu mutu akipewa zawadi mbele ya watu anapiga magoti kidogo, anapiga makofi, anashukuru, njo inaisha. Wote wakaningojea. Na kinywa changu kikafunguka peke yake:

"Christophe, kamba zangu ziko wapi?"

"Kamba gani, yaya?"

"Za zamani."

"Zile za kutu? Nilitupa."

"Basi umeniua mbele ya keki yangu."

Muziki ikasimama. Keki ilikatwa na mutu mwingine. Mama-mukwe wangu akanisimamia kidole: "Weye! Mutoto anakupa zawadi, weye unamuuliza takataka? Utatoa mbuzi! Mbuzi ya kusafisha haya, na utamushukuru Christophe mbele ya bantu balebale balioona!" Nkulu aliniambia usiku ule kwamba mbuzi atatoa yeye, tumalize. Nikamwambia ukitoa weye, nitakuwa nimekosa mimi mara mbili.

Mama Tshiala, usikunje barua, utamu unakuja.

Hata tukigombana, bunga ya mama-mukwe ninaipeleka kila wiki, heshima ni heshima. Nikafika kwake, nikamukuta anakausha samaki juu ya moshi. Nikaangalia samaki. Nikaangalia tena. Samaki walikuwa wametungwa kwa matamvua juu ya kamba zangu! Nne zote, kwa mpango, samaki wakubwa kwa kamba nene, wadogo kwa nyembamba. Nikauliza polepole, "Mama, hizi kamba ulitoa wapi?"

"Christophe alikuwa anatupa. Kamba muzuri namna hii, haiungue na moto, banatupa! Batoto ba leo habana akili."

"Mama, nanunua hawa samaki."

"Ngapi?"

"Wote. Na kamba zao."

"Kamba sitoe. Miye nitakausha na nini?"

Nikarudi nyumbani mbio, umri huu, nikatoa zile kamba mpya za Christophe, nikamuletea. Zinametameta! Akafurahi mpaka akaniongeza samaki. Mpaka leo anakausha juu yake, na anawaonyesha majirani.

Kamba zangu nilizichemsha na majivu, nikazichemsha tena na ndimu. Tukakaa na papa Lazare, tukakwangua shingo na wembe, tukafungua vifungo, tukafunga kamba. Akanusa. "Albertine, hii besi inanuka Kinkondja." Nikamwambia iache inuke, huko njo nilianzia. Nikagusa kamba ya juu, ile nene. Mama Tshiala, kioo cha dirisha ya Lazare kikatetemeka. Mzee alitoa kofia. Rangi yao yote, tabaka mbili za bleu, haikugusa sauti hata kidogo!

Na bado. Jumapili iliyofuata mujukuu wa Lazare alibatizwa, bantu wengi, parsele ndogo, basi wapigaji tukawekwa ndani ya nyumba na baffle za kutoa sauti zikawekwa inje, watu wanasikia bila kutuona. Akaanza Plamedi, bwana wa orkestra ya harusi, na besi yake mpya ya kamba tano, anapiga vizuri, simpunguzii, lakini inje watu waliendelea kula. Kiisha mimi nikashika ya kwangu. Wimbo uleule. Nilifika tu mara ya pili ya mzunguko, nikasikia viti vinasogea. Kwa dirisha nikaona mama-mukwe wangu amesimama na sahani mkononi, kiuno kinaenda, analia na kucheka: "Ii njo besi! Ii njo ya reli, ya wakati nilikuwa na miguu! Nani anapiga? Mushike huyo, yule wa kwanza asirudi!" Plamedi mwenyewe akacheka, akaniomba aishike kidogo, na kuirudisha ilikuwa kazi.

Nikatoka inje na besi ya bleu kwa bega. Mama-mukwe akaniangalia, akaangalia besi, akaangalia sahani yake. Akasema, "Sauti nimekubali." Nikaanza kucheka. Akaongeza, "Mbuzi iko palepale."

Christophe alikuwa amesimama kwa mlango, nilimuona kabla hajaniona, kichwa kilikuwa kinamutikisika na besi, na aliponiona akaangalia chini, akaenda. Toka jubile hajakula kwangu.

Sasa mimi najua hesabu, njo kazi yangu. Yeye alichukua bila kuuliza, moja. Akapaka, mbili. Akatupa kamba, tatu. Mimi niliuliza swali, moja. Tatu ukitoa moja zinabaki mbili, na ziko upande wake, basi mbuzi njo inatoka kwake! Niambie kama nimehesabu vibaya. Na niambie pia kama nikwangue ile bleu yote kabla ya Jumamosi, niingie kikaoni na mbao yangu wazi, waone nilichoibiwa.

Mimi niliyeshinda na bado ninadaiwa,
Mama Mashini, Kamina

*

Mama Mashini,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru, na pale kwa samaki nililazimika kuweka barua chini ili nipumue. Sasa kaa, zamu yangu.

Umeshinda. Nakupa hilo kwanza kwa sababu naona ndilo uliloliandikia barua nzima. Mwanamke aliyetoa baiskeli yake kwa gitaa lililokuwa linashikilia mlango wa kuku, akabeba samaki kwa kichwa, na leo anamwinua mama-mukwe wake kitini bila kuonekana, huyo hahitaji mimi nimwambie kwamba ameshinda. Papa Lazare alitoa kofia. Plamedi aliomba kushika. Unataka nani tena? Unataka Jumamosi umshinde na Christophe, mbele ya mama yake? Hapo ndipo ninapokukamata mkono.

Hesabu yako ni safi kwa mahindi. Kwa familia umechanganya magunia mawili. Kuna jambo la besi, na kuna jambo la keki. Kwa besi, Christophe amekosa: kitu cha mtu hakichukuliwi chumbani bila mwenyewe kuulizwa, hata kwa zawadi, hata mama akikubali. Kwa keki, umekosa weye. Watu walikuwa wamesimama, kijana amesema maneno yake yote aliyoyafanyia mazoezi, na weye ukamzika palepale. Usitoe moja kwenye tatu. Kila mtu abebe gunia lake.

Halafu jibu hili kwa ukweli. Kila Jumapili mnakaa wanne kwa Lazare, mnaelezana kuhusu mbao iliyokauka na kamba zisizobadilishwa, mambo ambayo ninyi wote mnayajua. Jumapili hiyo hiyo Christophe anakula mezani kwako. Ulimweleza lini? Mara ngapi? Mtu ambaye hakuelezwa akiona kutu, anaona kutu. Kule kambini wenzake wanamcheka juu ya bibi wa kaka yake, na yeye, kwa mshahara wa askari, anatafuta rangi, anatafuta kamba mpya, anamlipa mwandishi wa mabango aandike jina lako kwa herufi zenye kivuli. Alifikiri anafuta aibu yako. Ulijaza kurasa juu ya kamba, na juu ya macho ya kijana yaliyoangalia chini ukatupa mstari mmoja mwishoni, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango. Mimi niliusoma huo mara mbili.

Basi fanya hivi.

Mbuzi, toa. Toa mwenyewe, si Nkulu, uko sawa hapo. Na ukimfikisha kikaoni sema wazi kwamba ni mbuzi wa keki, si wa besi, ili kesho asije mwingine na kopo la rangi akidhani bei inajulikana.

Lakini usingoje kikao ndipo uzungumze na Christophe. Kabla ya Jumamosi panda na mume wako mpaka Base, na besi mgongoni. Mwambie asante, ile ile uliyoimeza siku ya jubile, na makofi yake. Ukimaliza, mwambie na la pili, usilipunguze: asiguse tena kitu chako bila kukuuliza. Kisha mkalishe, mwekee besi pajani, shika kidole chake gumba ukiweke ndani ya kale kashimo. Rangi haikukaziba, ungekwisha kuniambia kwa kilio. Mwambie ni kidole cha nani kilichochimba. Mpigie. Mwache asikie kwa tumbo, maana kichwa chake kilishakubali pale kwa mlango wa Lazare, wala hakukuomba ruhusa.

Sasa rangi. Shingo umekwangua, vizuri, vidole vinahitaji kupita. Mwilini usiguse kabla ya Jumamosi. Kuingia kikaoni na mbao wazi ni kumvua nguo mbele ya wazee wake, na weye si mtu wa hivyo. Baadaye, mkitaka, mkwangue pamoja, yeye ashike msasa. Ila nisikilize kwa hili, Albertine, maana jina lako ninalijua, nimelisoma juu ya gitaa: jina uliache.

Najua utaruka. Keti. Mnapenda vitu vya zamani kwa nini, ninyi wanne? Kwa sababu kila aliyevishika aliacha kitu. Yule baba wa orkestra aliacha kashimo, na hakuna aliyemwomba akachimbe. Weye unaacha nini? Siku moja mtu ambaye hajazaliwa atakuta besi hii mahali, labda inashikilia mlango mwingine, na atasoma herufi nyekundu zenye kivuli, na ataketi kwa rafiki zake kiisha misa aanze kueleza: hii ilikuwa ya mama mmoja wa Kamina, mwenye mashini. Watabishana juu ya ile bleu. Atakataa katakata kuikwangua.

Na Jumamosi, mbuzi akishaliwa, omba baffle itolewe uani. Samaki alete mama-mukwe wako, wale wa kamba mpya. Mngoje ashike mfupa kwa mkono mmoja na samaki kwa mwingine, ndipo umwambie siku ile kwa Lazare alikuwa anacheza kwa kamba zipi.

Kisha piga, kabla hajapata la kusema.

Mama Tshiala